Je, wajua kwa nini poti 80 hudai ruhusa ya root (akaunti kuu yenye uwezo wote kwenye mashine), na 8080 haidai?

Washa seva ya tovuti kwenye Linux kwa akaunti ya kawaida, uipe poti 8080: inawaka bila neno. Ibadilishe iwe 80, inagoma papo hapo kwamba huna ruhusa.

Poti ni namba tu, kuanzia 0 hadi 65535, inayoonyesha data iliyoingia ni ya programu ipi. Kwa desturi ya Unix, familia ya mifumo ambayo Linux inaifuata, zilizo chini ya 1024 hushikwa na root peke yake.

Wengi huhitimisha kwamba poti hizo ni salama zaidi, na kwamba seva sharti ibaki root muda wote. Si kweli, na hilo la pili ni hatari. Poti 80 haina ulinzi wa ziada. Mshambuliaji akipata tundu kwenye programu inayosikiliza hapo, anapata uwezo ule ule wa programu hiyo. Kama ni root, mashine nzima ni yake.

Sheria hii ilitoka BSD, aina mojawapo ya Unix, miaka ya 1980. Amri za rlogin na rsh, za kuingia na kuendesha amri kwenye mashine ya mbali, ziliamini ombi lililotoka poti ya chini kwenye mashine inayoaminika, maana root wa kule tu ndiye angeweza kulituma. Leo kila mwenye kompyuta ni root wa kompyuta yake, kwa hiyo imani hiyo imekwisha.

Kinachovutia hasa ni kwamba mfumo hukagua ruhusa wakati wa kuishika poti tu, si kila ombi linapoingia. Ni kama mwenye funguo anayefungua ofisi asubuhi: wahudumu hupokea wateja kutwa bila kuzigusa funguo. Seva za tovuti za Apache na nginx hufanya hivyo. Mchakato mzazi (programu ya kwanza kuwaka) huanza kama root, hushika 80 na 443 (poti ya HTTPS), kisha huzaa watoto wanaorithi poti zilizo wazi tayari, ila kwa akaunti dhaifu. Kwenye Debian, toleo mojawapo la Linux, endesha ps, amri inayoorodhesha michakato, uone: mzazi ni root, watoto ni www-data, na wanaosoma maombi ya wageni ni hao watoto.

Programu isiyojua kujivua uroot inaweza kupewa kibali kimoja tu, cha kushika poti za chini, kiitwacho CAP_NET_BIND_SERVICE, kwa amri ya setcap. Tangu Linux 4.11 ya mwaka 2017, mpaka wenyewe pia unaweza kushushwa kutoka 1024 hadi 80. Lakini hapo kila mtumiaji wa mashine hiyo ataweza kuinyakua 443 ikiwa haijashikwa, kwa hiyo kwenye mashine ya watu wengi ningechagua kibali.