Smith-Lemli-Opitz: ugonjwa wa kupungukiwa kolesteroli tangu tumboni

Smith-Lemli-Opitz, kifupi SLOS, ni ugonjwa wa kurithi ambao mtoto anazaliwa mwili wake hauwezi kutengeneza kolesteroli, yaani lehemu, ya kutosha. Ndiyo, ya kutosha. Sisi tumezoea kuambiwa punguza mayai, lehemu itakuziba mishipa, kumbe kuna watoto wanaandikiwa mayai au kolesteroli ya unga kama sehemu ya matibabu.

Iko hivi. Sehemu kubwa ya kolesteroli mwili unaitengeneza wenyewe, hatua baada ya hatua, na kwenye hatua ya mwisho kabisa kitu kinaitwa 7-dihaidrokolesteroli, tuiite 7-DHC, kinageuzwa kuwa kolesteroli kamili. Kazi hiyo inafanywa na kimeng'enya kinachotokana na jeni ya DHCR7. Mtoto akirithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama pia, kazi inakwama hapo, kolesteroli inapungua na 7-DHC inajaa kwenye damu. Wazazi wenyewe ni wazima, kila mmoja kabeba nakala moja mbovu bila kujua, na kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Kwa hiyo hakuna aliyerogwa hapo, wala si mama alikula vibaya akiwa mjamzito, hili naomba lieleweke vizuri maana akina mama wanalaumiwa sana.

Madhara yanaanza tumboni. Kuna protini inaitwa Sonic hedgehog, ndiyo inayoelekeza ubongo, uso na vidole vikae wapi, na mwaka 1996 timu ya Philip Beachy huko Marekani ilionyesha kwamba protini za jamii hiyo zinaunganishwa na kolesteroli ili zifanye kazi yake sawasawa. Sasa kolesteroli ikipungua mapema hivyo unakuta mtoto ana kichwa kidogo, kaakaa limepasuka, pengine kidole cha ziada au moyo wenye kasoro, na alama inayoonekana kwa karibu wote ni kidole cha pili na cha tatu cha mguu kuungana. Wengine wanapata dalili nyepesi tu, wanachelewa kuongea, hawalali usiku, tabia zao zinafanana na usonji, na hao ndio rahisi kupitwa.

Ugonjwa ulielezwa mwaka 1964 na David Smith, Luc Lemli na John Opitz, lakini chanzo chake kilikuja kujulikana mwaka 1993, karibu miaka 30 baadaye, watafiti walipopima damu ya wagonjwa wakakuta 7-DHC iko juu sana. Jeni yenyewe ikapatikana 1998. Unaonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, lakini haina maana kwingine haupo.

Makongamano ya magonjwa ya kurithi kama huu yanawaweka pamoja watu wa biokemia, wa jenetiki na madaktari wa watoto, kwa sababu swali gumu bado lipo: kolesteroli ya chakula haivuki kuingia kwenye ubongo, ubongo unajitengenezea yake, sasa utamsaidiaje mtoto huko ndani? Mayai yanasaidia ukuaji, ubongo ni habari nyingine. Halafu hiyo 7-DHC nayo si ya kupuuza, inaharibika haraka na kutoa kemikali zenye sumu, na ngozi ya watoto wengi wa SLOS inaungua jua ndani ya dakika chache. Hata dawa kama haloperidol na aripiprazole, ambazo mtoto mwenye shida za tabia anaweza kuandikiwa, zinapandisha 7-DHC, kwa hiyo daktari anayemtibu lazima ajue.

Kingine, kipimo cha kawaida cha kolesteroli hakitoshi kuugundua, kwa sababu mashine nyingi za hospitali zinaihesabu 7-DHC kama kolesteroli na majibu yanaweza kutoka yako sawa kabisa wakati mtoto anaumwa. Kinachotakiwa ni kuipima 7-DHC yenyewe, au kuipima jeni ya DHCR7.