Dubai mpaka Guangzhou ni masaa mangapi? Inategemea unauliza nini

Wanaofuata mzigo China wanaijua hii njia. Ukifika Dubai ukauliza bado masaa mangapi, mmoja atakwambia saba, mwingine nane, mwingine kachungulia tiketi anasema kumi na moja, na hakuna aliyedanganya hapo.

Tuanze na umbali. Zile kama kilomita 5,800 unazoziona ukigugo ni njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa dunia. Chukua chungwa, weka alama mbili, kaza uzi katikati, uzi wenyewe unajitafutia pa kupita. Sasa ukiuhamishia kwenye ramani ya ukutani unakuta umepinda kwenda juu, unafika mpaka usawa wa kusini mwa Nepal, wakati Dubai na Guangzhou zote ziko chini ya hapo. Uzi haujapinda, ramani ndo imenyooshwa kwa nguvu.

Ila ndege nayo haifuati huo uzi sawasawa, kuna njia za anga zilizopangwa, kuna anga zinafungwa, alafu kuna uwanda wa Tibet ambao ndege nyingi zinaukwepa, kwa sababu hewa ya ndani ikivuja rubani anatakiwa ashuke fasta mpaka kama mita 3,000 watu wapumue, na pale ardhi yenyewe sehemu kubwa imeshapita mita 4,000, sasa atashukia wapi?

Muda ndo una mambo. Sema ndege inakata kilomita 900 kwa saa, hiyo ni spidi ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Huko juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, wakati wa baridi unachachamaa zaidi. Ukikusukuma kwa kilomita 100 unakwenda 1,000, ukirudi unakupinga unabaki na 800. Piga hesabu: kwenda masaa matano na dakika 48, kurudi saba na robo. Ongeza kama saa nzima ya kutambaa uwanjani, kupanda, kushuka na kona za njiani. (Wapo wanaosema ni dunia inazunguka ndo inakimbiza ndege, hapana, hewa inazunguka nayo, ni sawa na kuruka ndani ya basi linalokimbia, huangukii siti ya nyuma.)

Halafu tiketi sasa. Saa zote zilizoandikwa pale ni za mji husika, na Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa masaa manne. Ukiondoka saa nne asubuhi ukafika saa tatu na robo usiku unaona kama masaa 11 na robo, toa manne, umeruka saba na robo. Kurudi unaondoka saa sita na robo usiku unatua saa kumi na nusu alfajiri, unaona kama manne na robo tu, kumbe ongeza manne mengine.

Na hiyo saa sita na robo usiku kwenye tiketi inaandikwa 00:15. Yangu ilikuwa 00:15 ya tarehe 12, mimi nikala zangu chakula cha usiku tarehe 12, nikafunga mabegi, nikafika uwanjani saa tatu usiku najiona nimewahi. Dada wa kaunta akaangalia, akanigeuzia skrini, akaweka kidole kwenye tarehe. Ndege ilishaondoka karibu masaa 21 nyuma.