"Vintage" maana yake si uzee

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye duka la vinywaji, mkononi nina chupa mbili za Barolo, mvinyo mwekundu wa Italia, moja ya 2014 na nyingine ya 2016. Kijana wa kaunta akaniambia kwa heshima zote, "Bosi, chukua hiyo ya 2014, ndiyo vintage zaidi." Nimeshasikia hivyo mara nyingi mno. Nikalipia ya 2016 nikaondoka, lakini njia nzima neno lile halikunitoka kichwani.

Vintage ni mwaka ambao zabibu zilichumwa. Basi. Si mwaka mvinyo ulipotiwa chupani, si mwaka ulipofika dukani, wala si sifa ya ubora. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka angalau asilimia 85 ya mvinyo utokane na mavuno ya mwaka ulioandikwa kwenye lebo. Chupa ya mavuno ya juzi ina vintage yake, na iliyolala miaka arobaini nayo ina yake. Hakuna iliyo "vintage zaidi".

Ukilichimba neno lenyewe utaona halijawahi kuficha kitu. Warumi walisema vindemia: vinum ni mvinyo, demere ni kuondoa, yaani kukitoa kichala kwenye mzabibu. Waitaliano wamebaki nalo karibu lilivyokuwa, vendemmia, na ukipita vilima vya Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, mwezi wa kumi utalisikia kila kona, maana ndipo Nebbiolo, zabibu ya Barolo, inapochumwa. Wafaransa wakalifanya vendange. Waingereza wakalitoa kwa Wafaransa, wakalipinda kidogo lifanane na neno lao la muuza mvinyo, likawa vintage. Safari yote hiyo linazungumzia mikasi, makreti na watu walioinama shambani. Uzee ulikuja kupandia njiani: mvinyo uliotajwa kwa mwaka wake mara nyingi ndio uliowekwa ukae, basi watu wakasikia mwaka wakaelewa ukongwe. Kisha neno likahamia kwenye magari na magauni, na wengi wetu tumelikuta huko, kwenye mitumba. Yule kijana simlaumu.

Na nusu ya neno hilo tunayo kinywani siku zote. Mvinyo tumeupata kwa Wareno, vinho, ambayo ni vinum ileile.

Dhana nayo tunayo. Nenda sokoni uulizie mchele, utaambiwa "huu wa mavuno mapya" au "ule wa mwaka jana". Mpishi wa pilau anajua mpya hugandana usipopunguza maji. Muuzaji hajasema upi mzuri. Amekutajia msimu, na wewe ndiye unayejua unapika nini.

Kwenye mvinyo mwekundu wa Italia msimu una uzito mkubwa. Mwaka 2014 kiangazi cha eneo la Barolo kilikuwa cha baridi na mvua, na baadhi ya mashamba yakapigwa na mvua ya mawe. Barbaresco, eneo jirani upande wa pili wa mji wa Alba, zabibu ni ileile ya Nebbiolo, lakini mvua ilikuwa ndogo zaidi na mivinyo yake mingi ikatoka vizuri. Mwaka mmoja, majirani wawili. Kwa hiyo hata anayesema "2014 ulikuwa mwaka mbaya Italia" naye amekosea, kwa sababu mavuno yana mahali pake. Mwaka 2016 Barolo ilipata msimu mrefu uliotulia, zabibu zikaiva bila haraka. Toscana nako 2010 na 2016 ni miaka ninayoitafuta kwenye Brunello, mvinyo mwekundu wa huko, bila kusita.

Lakini mimi huanza na jina la mtengenezaji, mwaka baadaye. Mwaka 2002 mvua ya mawe iliiumiza Barolo vibaya, na wengi waliukatia tamaa. Nyumba ya Giacomo Conterno haikutoa Barolo yake ya kawaida ya shamba la Cascina Francia mwaka huo. Ilitoa Monfortino, Barolo Riserva yake, peke yake, na mpaka leo watu wanaisaka. Mtengenezaji makini mwaka ukiwa mgumu huchambua vichala kimoja kimoja, na mvinyo usiofikia kiwango huuteremsha daraja: Barolo inauzwa kama Langhe Nebbiolo, Brunello inauzwa kama Rosso di Montalcino. Hizo za kuteremshwa, ukizipata kwa mtu mwenye msimamo, ni ununuzi mzuri sana.

Neno Riserva kwenye lebo nalo limeponzwa hivyohivyo. Watu hulisoma kama "daraja la kwanza". Sheria inahesabu muda: Barolo ni miezi 38 kabla ya kuuzwa, Barolo Riserva ni 62. Kama zabibu hazikustahili, hiyo miezi ya ziada haiziokoi.

Basi kaka yangu wa kaunta, ile ya 2014 imeizidi umri ya 2016 kwa miaka miwili tu. Nikirudi niambie, "Hii ni ya mavuno ya 2014," nami nitaigeuza lebo nione imetengenezwa na nani.