Uhandisi mpana si wa kubahatisha

Hapa Mwanza, matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi hurudia lilelile: mtoto asisome uhandisi mitambo, ni mpana mno; achukue fani moja mahususi, ya meli au ya mafuta, ajira inamsubiri. Naelewa wazo hilo lilikotoka: jina la fani likifanana na jina la kazi, moyo hutulia. Lakini si kweli.

Ingia kiwanda cha minofu ya sangara. Nyuma ya chumba cha baridi kuna kompresa inayonguruma, pampu, na mabomba yaliyoota barafu. Kanuni za joto na mgandamizo zinazokiendesha ndizo zilizomo kwenye injini za dizeli za meli ya MV Mwanza. Mhandisi mitambo anafaa kote kuwili. Aliyesomea mafuta peke yake hutegemea soko moja, na bei ilipoporomoka kuanzia 2014, kampuni duniani zilipunguza watu kwa maelfu.

Ubobezi una mahali pake, sikatai. Ila hata mhandisi wa melini hapewi injini kwa shahada tu: hudaiwa vyeti vya umahiri na muda wa kazi chomboni. Majokofu au usanifu wa meli mtu anaweza kuvifuata kwenye uzamili, akiwa ameshashika spana.