Somo Dogo la Saikolojia: Anza na Kozi Unayoikwepa

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, wanafunzi wa sheria, uuguzi, biashara, kompyuta na ualimu hubisha hodi idarani. Wanataka kuchukua saikolojia kama somo dogo, sambamba na somo kuu la shahada yao. Wengi huja na orodha mkononi: matatizo ya afya ya akili, saikolojia ya uhalifu, mahusiano na familia. Takwimu na mbinu za utafiti huwa zimeachwa mkiani, au hazimo kabisa. Mimi huwashauri wazipandishe juu kabisa.

Kwanza, ratiba yenyewe inadai hivyo. Vyuo vinatofautiana, lakini kwa mfumo unaotumika Marekani somo dogo huwa na kozi tano hadi saba hivi. Unaanza na utangulizi, unapita kwenye takwimu au mbinu za utafiti, kisha unachagua kozi za hiari, na baadhi lazima ziwe za ngazi ya juu. Kozi hizo za juu mara nyingi hazikupokei kabla hujafaulu zile za chini. Pale ambapo kozi ya mbinu hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, ukiikosa unasubiri mwaka mzima. Aliyeiahirisha hadi mwaka wa mwisho hujikuta amebakiza kozi mbili, na hakuna hata moja anayoruhusiwa kujiandikisha.

Sababu ya pili ndiyo nzito. Kila mtu ana maoni yake kuhusu tabia za watu hata kabla hajaingia darasani. Kinachoifanya saikolojia kuwa sayansi, tangu Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, ni kuyapima maoni hayo badala ya kuyaamini tu. Chukua utafiti wa Elizabeth Loftus na John Palmer wa mwaka 1974. Wanafunzi walioneshwa filamu fupi za ajali za magari, kisha wakaulizwa magari yalikuwa na kasi gani. Swali lilikuwa lile lile, isipokuwa kitenzi kimoja. Walioulizwa kuhusu magari “yaliyopondana” walikadiria kwa wastani zaidi ya maili 40 kwa saa, ilhali walioulizwa kuhusu magari “yaliyogusana” walikadiria maili 31.8. Katika jaribio la pili, wiki moja baada ya kutazama filamu, washiriki waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo hivyo havikuwepo. Kati ya 50 walioulizwa kasi kwa neno “kupondana”, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kawaida la kugongana, waliosema hivyo walikuwa 7.

Mwanafunzi wa sheria akisikia habari hiyo kijuujuu, atabaki na kisa cha kusimulia. Akiwa amesoma mbinu za utafiti, atauliza washiriki waligawanywaje, kwa nini palihitajika kundi la tatu ambalo halikuulizwa kasi kabisa, na kama wanafunzi wa chuo wanaotazama filamu wanaweza kuwasemea mashahidi wa ajali halisi. Maswali hayo ndiyo atakayoyahitaji kazini. Na yana uzito wa pekee sasa, kwa sababu mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitangaza matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia, na ni takriban theluthi moja tu zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya kubahatisha tu. Anayesoma saikolojia bila kujua kupima ushahidi hana namna ya kutofautisha tafiti imara na tafiti dhaifu.

Kozi za hiari zichague kwa kufuata swali linalotoka kwenye somo lako kuu. Mtu wa kompyuta atanufaika na kozi za utambuzi (jinsi akili inavyofikiri na kukumbuka) na ufahamu wa hisi, muuguzi na saikolojia ya ukuaji na ya afya, mtu wa biashara na saikolojia ya jamii na ya kazi. Kozi tatu zinazojibu swali moja zitakusaidia kuliko tano zisizohusiana.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mwanafunzi alisikie mapema. Somo dogo halikupi ruhusa ya kutibu watu wala kujiita mwanasaikolojia. Kazi hiyo ina mafunzo yake, kwa kawaida ya uzamili au zaidi, mazoezi chini ya usimamizi na, katika nchi nyingi, leseni. Na kama kinachokuvuta kwenye saikolojia ni maumivu yako mwenyewe, karibu darasani, lakini nenda pia kwa mshauri nasaha wa chuo. Mhadhara kuhusu sonona haumtibu mwenye sonona, na hupaswi kungoja mtihani uishe ndipo utafute msaada.

Yaliyobaki ni ya kiofisi, na ndiyo yanayowakwamisha wengi. Sajili somo dogo rasmi mapema, maana kuhudhuria kozi zake peke yake hakuliingizi kwenye rekodi yako. Uliza kama kozi ya takwimu uliyosoma kwenye somo kuu inakubalika pia hapa, na ni kozi ngapi zinaruhusiwa kuhesabiwa pande zote mbili. Uliza alama ya chini inayokubalika, kwani alama inayotosha kufaulu kozi huenda isitoshe kwa somo dogo. Ukiruhusiwa kubadilisha kozi au kuhamisha uliyosoma chuo kingine, omba ruhusa hiyo kwa maandishi na uitunze. Kisha, muhula mmoja kabla ya ule wa mwisho, omba ofisi ya usajili ikague rekodi yako yote. Pengo likionekana wakati huo, bado una muhula mzima wa kuliziba.