Mimi machapisho ya mtafiti siyahesabu, naanza na lile lililosema "haisaidii"

Wanafunzi wakitafuta msimamizi wa tasnifu huwa wananiletea orodha, prof fulani ana pepa nyingi kuliko yule, je yupi mkali? Idadi siangaliagi kwanza. Kwenye fani yetu ya uzazi ukikaa kwenye timu kubwa jina lako linaingia kila mahali hata kama mchango wako ulikuwa kidogo tu. Ninachotaka kujua ni kama alishawahi kuchapisha jibu la hapana, na baada ya hapo alifanya nini.

Mchukulie Arri Coomarasamy wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Mwaka 2015 yeye na wenzake walitoa jaribio la PROMISE kwenye New England Journal of Medicine: wanawake 836 ambao mimba zilishawaharibikia mara tatu au zaidi bila sababu kujulikana, kundi moja likapewa projesteroni (homoni ya mimba) ya kuweka ukeni, jingine plasibo, yaani dawa bandia. Waliopata mtoto hai ni asilimia 65.8 upande wa dawa, 63.3 upande wa plasibo. Yaani hamna kitu. Na hii ni dawa ambayo madaktari waliiandika miaka na miaka kwa imani tu, hata huku kwetu si mnajua mama akija na mimba changa anaomba "ya kushikilia mimba" na anapewa.

Wakalibana swali zaidi, vipi wale ambao damu imeshaanza kutoka? Ndo ikaja PRISM, 2019, wanawake 4,153. Jibu la jumla likagoma tena, waliopata mtoto hai asilimia 75 kwa dawa, 72 kwa plasibo. Ila waliotoka damu na huko nyuma walipoteza mimba tatu au zaidi ilikuwa 72 kwa 57. Hapa tuwe makini jamani, kukatakata data mpaka upate kipande kinachopendeza ni mchezo wa zamani, mimi nikiona kundi dogo linang'aa ndani ya jaribio lililogoma napunguza mwendo. Kilichonituliza ni kwamba kundi hilo lilipangwa mapema, na faida inapanda kadiri mimba zilizoharibika zinavyokuwa nyingi. NICE, wale wanaotoa miongozo ya tiba Uingereza, wakaikubali 2021 kwa mwenye damu ambaye alishawahi kupoteza mimba. Sio kwa kila mjamzito mwenye wasiwasi, tafadhali.

Halafu kuna E-MOTIVE ya 2023, jaribio la kuvuja damu baada ya kujifungua, hii ni yetu kabisa. Jina la kwanza ni Ioannis Gallos, Coomarasamy yuko mwishoni, na kwenye pepa za tiba wa mwishoni mara nyingi ndo mkubwa wa kazi, usimdharau. Hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Kila hospitali ilitumia plastiki yenye mfuko inayowekwa chini ya mama kukusanya damu, ila kwenye kundi moja la hospitali mfuko una mistari ya mililita na kwenye kundi la pili hauna. Aliyewahi kufanya kazi leba anaelewa, damu imeingia kwenye khanga, nyingine kwenye godoro, nyingine sakafuni, halafu unaulizwa imetoka kiasi gani, unaandika 300 kwa sababu wote huandika 300. Kwenye mistari walitambua asilimia 93 ya waliovuja damu nyingi, kwa macho 51. Nusu wanapita hivi hivi!

Mistari peke yake lakini haitibu mtu. Ikigundulika, mkunga anakanda mji wa mimba, anatoa dawa ya kuubana, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu iliyoganda isiyeyuke), dripu, anamkagua mama kutafuta damu inatoka wapi, vyote kwa mkupuo, sio kujaribu kimoja usubiri kigome ndo uende cha pili kama tulivyozoeshwa. Waliopata madhara makubwa ya kuvuja damu wakawa asilimia 1.6 dhidi ya 4.3.

Ukiisoma usiruke jinsi "madhara makubwa" yalivyohesabiwa. Humo kuna kuvuja lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, na kifo, vyote vimewekwa pamoja, na kilichoshuka hasa ni hiyo lita moja, vifo vyenyewe vilikuwa vichache kiasi kwamba huwezi kudai makubwa. Na waliojifungua kwa upasuaji hawamo. Theatre damu inachanganyika na maji ya uzazi, nyingine inafyonzwa na mashine, nyingine iko kwenye gozi (vitambaa vya kufyonzea damu), mfuko wa mistari pale haukupi jibu.