Je, wajua kwa nini miguu ya bata haigandi kwenye mto wa barafu?

Mjini Monticello, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, hewa ya Januari huweza kushuka hadi nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri. Maziwa ya jirani yamefunikwa na barafu nene kiasi kwamba watu hupitisha magari juu yake. Ila ukisimama ukingoni mwa Mto Mississippi, unawaona bata maji wakubwa weupe zaidi ya elfu moja wakielea katikati ya mvuke, na baina yao bata bukini wa Kanada na bata wenye kichwa cha kijani. Wengine hupanda juu ya barafu na kusimama tu pale, peku, miguu haina hata unyoya mmoja.

Mto hapo haugandi kwa sababu kituo cha nyuklia cha kuzalisha umeme, kilicho juu kidogo, hurudisha mtoni maji ya vuguvugu yaliyotumika kupoza mitambo. Kwingineko kazi hiyo hufanywa na mkondo wenye kasi, hasa chini ya mabwawa. Ndiyo maana majira ya baridi ni wakati mzuri kwa mtazamaji wa ndege: waliotawanyika kwenye maziwa mengi sasa wanabanana kwenye kipande kimoja cha maji, nao madume wako katika manyoya yao ya kupendeza kwa kuwa wengi huchagua wenza wakati huu.

Sasa turudi kwenye miguu. Wengi hudhani bata ana namna ya kuipasha joto. Kumbe anaiacha ipoe! Damu inayotoka mwilini ina joto la nyuzi 40 hivi. Ndani ya mguu, mishipa inayoishusha imebanana na mishipa inayopandisha damu baridi kutoka kwenye nyayo. Zinapopishana, damu ya moto huipasha ile ya baridi, kwa hiyo joto hugeuza njia na kurudi mwilini kabla halijafika chini. Nyayo hupata damu ya kutosha tu kuzizuia zisigande. Na kwa kuwa tofauti ya joto kati ya unyayo na barafu ni ndogo, joto linalopotea ni kidogo pia. Misuli inayoisogeza miguu iko juu, chini ya manyoya. Huku chini kuna hasa kano, mifupa na ngozi, vitu visivyosumbuliwa sana na baridi.

Yanayobaki hufanywa na manyoya. Aina moja ya bata maji wa Amerika Kaskazini ana manyoya zaidi ya 25,000, na ya ndani, laini kama pamba, hushikilia hewa isitoke. Baridi ikizidi, ndege huficha mguu mmoja tumboni na kuingiza mdomo chini ya bawa.

Nguvu zote hizo hutokana na chakula, na chakula wakati huu ni haba. Kwa hiyo tafadhali, ukienda kutazama, tumia darubini na ukae mbali. Bata akirushwa kwa hofu huchoma akiba aliyoihitaji kuuvuka usiku. Bata maji hawa wa Monticello wana thamani ya pekee: kwa sababu ya kuwindwa, miaka ya 1930 waliojulikana kubaki Marekani nje ya Alaska hawakufika 100, wakarejeshwa Minnesota kwa juhudi zilizoanza miaka ya 1960.

Wako pia bata wasioingojea barafu. Bata wenye mdomo mpana kama sepetu huondoka Ulaya na Asia, na baadhi yao huja hadi Nakuru na Naivasha. Huku kwetu miguu ile ile hufanya kazi ya kinyume: jua likiwaka, damu nyingi ya moto huachiwa ishuke hadi kwenye nyayo, na maji ya ziwa hulichukua joto lake.